Udongo wa saiti unanuka, una rangi ya ajabu au watu wanaumwa kichwa shimoni: anzia hapa kabla kijiko hakijazama tena

Hii nimeiandika kwa ajili ya msimamizi, injinia, opareta wa kijiko (ile mashine ya kuchimbia) na hasa yule kijana wa koleo ambaye kila siku ndo wa kwanza kushuka shimoni na wa mwisho kuambiwa kuna nini humo. Nimepanga kwa dalili, yani kile unachokiona au harufu unayoisikia, halafu sababu kuanzia ile inayotokea sana mpaka ya nadra, afu cha kufanya na wapi pa kuachia wataalamu.

Kuna kitu kimoja nitakirudia mara nyingi na naomba usikichoke. Udongo mchafu ukiwa umelala pale pale ulipolala miaka yote madhara yake mara nyingi ni madogo, balaa linaanza siku mnapouhamisha, maana hapo ndo vumbi linaruka, mvuke unatoka, maji yanaubeba, na udongo safi unachanganyika na mchafu mpaka hakuna tena wa kuutenganisha. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoikuta humu chini, dakika kumi za kwanza ni zile zile.

Simamisha kijiko. Kama ndoo yake imeshachota basi ishushwe taratibu pale pale, usiende kumwaga kwenye rundo. Toa watu shimoni wasimame upande ambao upepo unatokea. Zima kila chenye cheche, sigara, grenda, kulehemu, jenereta iliyo karibu. Zungushia utepe, piga picha, andika sehemu, kina na saa. Usiiname kunusa kwa makusudi na usishike kwa mkono mtupu. Kisha mpigie injinia na mwenye mradi, na kama sheria ya nchi yenu inataka mamlaka ya mazingira ijulishwe, na nchi nyingi zinataka, ijulishwe siku hiyo hiyo.

Nasisitiza hivi kwa sababu ilishanikuta. Opareta aliibua udongo mweusi wenye harufu, hakusema kitu, akaenda kuumwaga kwenye rundo tulilokuwa tumeliweka kwa ajili ya kujazia msingi. Ndoo tatu tu. Vijana wakasawazisha lile rundo kwa koleo, jioni ndo nagundua, na rundo lote likabidi lihesabiwe ni chafu. Ndoo tatu ziligeuka kuwa matripu na matripu ya tipa. Opareta hakuwa na kosa, hakuna mtu aliyemwambia akiona kitu asimame, na hiyo ilikuwa kazi yangu mimi.

DALILI YA 1: Udongo unanuka mafuta

Hii ndo inayoripotiwa kuliko zote, ukishuka kidogo tu unasikia kama uko kituo cha mafuta.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kabisa ni mafuta yenu wenyewe. Paipu ya haidroli imepasuka, dumu la dizeli limepinduka, jenereta inavuja usiku kucha na hakuna aliyeangalia. Utajua kwa sababu doa liko juu juu, linaisha ukichimba kidogo, na liko karibu na pale mnapojazia mashine. Hii mnaimaliza wenyewe: zuia chanzo kwanza, mwagia mchanga mkavu au maranda yanyonye, chota doa lote pamoja na udongo kidogo unaoonekana safi chini yake, weka kwenye pipa lenye mfuniko, andika juu kuna nini. Kisha hamisheni sehemu ya kujazia mafuta iwe na trei chini, la sivyo wiki ijayo mtachota tena.

Ya pili ni tanki la zamani lililofukiwa, au mabomba yake. Hapa harufu inaongezeka kadiri unavyoshuka, udongo umebadilika rangi ukawa wa kijivu au kijani kijani, na unaweza kukuta mchanga laini wa kujazia ambao haufanani kabisa na udongo wa asili wa pale. Ukiona mchanga wa hivyo umekaa umbo la boksi, au bomba la chuma limesimama wima halina kazi, acha kuchimba. Tanki tupu watu wanalichukulia poa kumbe ndo baya zaidi, kwa sababu limejaa mvuke. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa, yani kidogo tu kinatosha, na ni mzito kuliko hewa kwa hiyo unatambaa chini unajaa kwenye mtaro ambako watu wamesimama. Usilikate tanki kwa grenda, usilikate kwa gesi, usilitoboe kwa sururu, usiruhusu mnunuzi wa vyuma chakavu aje "kuwasaidia". Linatolewa na watu wenye vifaa vya kufukuza mvuke kwanza.

Ya tatu, eneo liliwahi kuwa gereji au karakana. Oili chafu ni nyeusi, inanata, harufu yake siyo kali kama petroli, na mara nyingi inakuja na madoa madoa, filta za zamani, vipande vya betri. Ukiona betri basi wazia na risasi pia (ile metali ya ledi, siyo ya bunduki), ambayo haina harufu wala rangi ya kukushtua.

Ya nne ndo inachanganya watu. Juu kote udongo ni safi, mnashuka mita moja, mbili, safi, halafu ghafla kuna ukanda wenye harufu kama mstari ukutani mwa shimo, karibu na usawa wa maji ya ardhini. Hapo mafuta yamesafiri kutoka kiwanja kingine. Mafuta mepesi yanaelea juu ya maji, na maji ya ardhini yanapanda na kushuka kwa misimu, kwa hiyo yanaupaka udongo ukanda mzima. Hata mkichimba mkatoa wote wa upande wenu yatarudi, sababu chanzo hakiko kwenu. Msitumie hela ya mwenye mradi kuhamisha udongo huo kabla mtaalamu hajasema mafuta yanatokea wapi.

Ukaguzi mwepesi usio na hatari: chukua udongo kidogo kwa mwiko, weka kwenye chupa ya kioo yenye maji, funga, tikisa, acha itulie. Utando wa rangi rangi ukielea juu, kuna mafuta. Mkiwa na kipima mvuke, weka udongo kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, acha nafasi ya hewa, subiri dakika 10 hadi 15 sehemu yenye joto la kawaida, kisha ingiza pua ya kipimo kwenye mfuko. Usifungue mfuko ukaweka pua yako wewe.

Suluhisho la ndani zaidi, kama ni dizeli na kiasi siyo kikubwa na kuna nafasi, mtaalamu anaweza kuwaambia msiuhamishe nje bali utandazwe juu ya turubai zito la plastiki, upewe unyevu, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, ugeuzwe mara kwa mara ili bakteria wale yale mafuta. Inafanya kazi kweli, ila ni ya miezi. Oili nzito inachelewa sana, na kwa madini kama risasi au aseniki haisaidii chochote maana bakteria hawawezi kuifanya risasi ipotee.

Kitu ambacho watu wanasahau: mabomba ya maji ya plastiki. Petroli na viyeyushi kama thina vinapenya ukuta wa bomba la kawaida la plastiki, taratibu, na maji ya kunywa yanaanza kunuka miaka mingi baada ya nyinyi kuondoka. Kama kuna mafuta eneo hilo, ongea na injinia kuhusu bomba la chuma au lile lenye tabaka la kuzuia kabla mtaro wa maji haujafukiwa.

Acha kazi kabisa uite wataalamu kama: mafuta yenyewe yanachuruzika shimoni kama maji, kuna tanki, kuna kisima jirani, au harufu ni kali kiasi kwamba watu macho yanawasha.

DALILI YA 2: Maji ya shimoni yana utando wa rangi za upinde wa mvua

Kabla hamjapaniki fanya jaribio la kijiti. Nimeliona likiokoa siku nzima ya kazi. Tulikuwa na shimo la msingi lina maji ya rangi ya kutu, juu yake utando unang'aa bluu na zambarau, kila mtu anasema mafuta. Nikachukua kijiti nikauchoma ule utando katikati. Ukapasuka vipande vipande vyenye kona kona, kama barafu nyembamba, na vile vipande vikabaki vimeachana. Hao ni bakteria wa chuma, ni wa asili, wanakaa kwenye maji yenye madini ya chuma na mara nyingi kuna matope ya rangi ya machungwa pembeni. Yangekuwa mafuta, utando ungezunguka kile kijiti ukajifunga tena pale pale kama vile hujaugusa.

Kwa hiyo ukipasuka ukabaki umepasuka, sababu ya kwanza ni bakteria, endelea ila piga picha uandike. Ukijifunga, rudi dalili ya 1. Sababu ya tatu ya nadra ni viyeyushi vya kiwandani, vile vya kusafishia vyuma au vya kufulia nguo kavu, na hivyo vingi ni vizito kuliko maji, vinazama, kwa hiyo juu maji yanaweza kuonekana masafi kabisa huku chini kuna shida. Kama eneo lilikuwa na kiwanda cha namna hiyo usitegemee macho, sampuli tu.

Na usiwashe pampu ukayamwaga kwenye mtaro wa barabarani. Hilo ndo kosa la kila mtu, mvua imejaza shimo, ratiba imebana, pampu iko hapo. Maji yakishaingia kwenye mtaro wa mvua yanaenda mtoni, na hapo kiwanja kimoja kichafu kimekuwa tatizo la watu wa chini huko wanaochota na kuoga. Pampu iende kwenye tanki, maji yapimwe, ndipo ijulikane yanakwenda wapi.

DALILI YA 3: Vipande vya kijivu kama simenti nyembamba, vina mawimbi, au vina nyuzi nyuzi ukingoni

Kifusi cha jengo la zamani. Sababu ya kawaida ni vipande vya karatasi za kuezekea au mabomba ya simenti yenye asbesto (madini ya nyuzi nyuzi yaliyokuwa yanachanganywa humo), vilivunjwa wakati jengo la zamani linabomolewa na vikasawazishwa humo humo. Inayofuata ni kamba na vifungashio vya mabomba ya moto na maboila, hii ni laini, inapukutika kwa vidole, na ndo mbaya zaidi kuliko ile ya simenti sababu nyuzi zinaachia kirahisi. Ya mwisho, na inatokea, ni karatasi za kisasa za simenti zisizo na asbesto kabisa. Kwa macho huwezi kutofautisha, hata fundi wa miaka thelathini hawezi, ni maabara kwa hadubini. Mpaka majibu yaje, ichukulie ni asbesto.

Hapa nakaa kidogo maana naumia ninapoona vijana wanaokota hivi vipande kwa mikono, wanavivunja ili viingie kwenye toroli. Nyuzi zinazoua hazionekani kwa macho. Hazikohozeshi siku hiyo, haziumizi koo, unaenda nyumbani unajisikia mzima, na ugonjwa unakuja miaka 20, 30, 40 baadaye, saratani ya utando wa mapafu au mapafu kuwa magumu kama ngozi, na haina tiba ya kuondoa. Uingereza walipiga marufuku aina ya mwisho mwaka 1999 na bado mpaka leo wanaikuta ardhini kila siku, na kuna nchi ambako bado inaingia madukani. Kijana aliyevunja vile vipande hatakumbuka hata jina la ile saiti.

Cha kufanya mara moja: usifagie, usipulize kwa kompresa, usipitishe gari juu. Nyunyizia maji kwa ukungu mwepesi, tone la sabuni ya maji linasaidia maji kuingia, lakini usipige na bomba la presha maana utarusha na kusambaza nyuzi. Funika kwa plastiki. Barakoa ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazisaidii hapa hata kidogo, inatakiwa barakoa ya kiwango cha P3, yani ile ya kuchuja vumbi laini sana, na ikae vizuri usoni, na mwenye ndevu hewa inampitia pembeni. Nguo za kazi zisiende nyumbani. Mke au mtoto anayekung'utia ovaroli yako anavuta zile zile nyuzi.

Kama ni vipande vichache vizima juu ya udongo na sheria yenu inaruhusu mtu aliyefundishwa kuokota, viokotwe vikiwa vimelowa, bila kuvunjwa, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, iandikwe. Kama vimesagika na kuchanganyika na udongo, au ni ile laini ya kupukutika, simama. Hiyo ni ya kampuni yenye kibali, hakuna njia ya mkato.

DALILI YA 4: Watu wanaumwa kichwa, kizunguzungu, wanachoka ghafla wakiwa shimoni

Anza kwa kuwatoa. Maswali baadaye.

Sababu inayotokea sana ni moshi wa mashine zenu, pampu ya petroli au jenereta imewekwa ukingoni mwa shimo na moshi unashuka chini. Kaboni monoksaidi haina harufu. Hamisha mashine mbali upande upepo unakoelekea, usiishushe pampu ya injini shimoni kamwe. Ya pili ni mvuke wa mafuta kama dalili ya 1. Ya tatu ni gesi za taka zinazooza chini, methani na kaboni daioksaidi, hasa kama pale palikuwa dampo, bwawa lililofukiwa au udongo wa kinamasi. Ya nne ni ile gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi.

Hii ya mayai viza inadanganya. Kidogo tu unaisikia, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, husikii tena, unadhani imeondoka kumbe imezidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "harufu imeisha sasa turudi", hiyo ndo sababu ya kutorudi.

Ukaguzi ni kwa kipima gesi cha aina nne, oksijeni, gesi za kulipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Shusha kwa kamba, soma juu, katikati na chini kabisa, maana gesi nyingine zinakaa juu na nyingine zinalala sakafuni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 hakuna mtu kuingia. Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Njia ya kiberiti au mshumaa ambayo wazee walikuwa wanaitumia iacheni, na ya kumteremsha kuku ni hivyo hivyo.

Mtu akianguka shimoni USISHUKE kumfuata. Najua moyo unakutuma, ni mwenzako. Lakini mara nyingi wanaokutwa wamekufa kwenye mashimo ya namna hii ni wawili watatu, mmoja wa kwanza na waliomfuata kumwokoa. Puliza hewa safi kwa feni, mvute kwa kamba kama alikuwa ameifunga, ita zimamoto. Ndo maana mkanda na kamba vinafungwa kabla ya kushuka.

Na gesi ya taka inasafiri. Mwaka 1986 kule Loscoe, Uingereza, nyumba ya kuishi ililipuka ikabomoka, gesi ilikuwa imetoka kwenye dampo lililofukiwa jirani ikapita ardhini mpaka chini ya sakafu, na siku hiyo presha ya hewa ilikuwa imeshuka kwa kasi hivyo ardhi ikaachia gesi nyingi kwa mpigo. Kwa hiyo kipimo kimoja cha asubuhi yenye jua hakitoshi kusema eneo ni salama. Mtaalamu atataka kuweka mabomba ya kupimia na kurudi mara kadhaa katika hali tofauti za hewa, mpeni muda huo.

DALILI YA 5: Rangi za ajabu

Nyeusi: mara nyingi ni mboji tu au majivu. Mboji ina mizizi na inanuka msitu, majivu ni mepesi na yana vipande vya kioo na makaa. Majivu ya zamani yanaweza kuwa na risasi na aseniki, yapimwe. Nyeusi ya kunata inayonuka kama vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kwenye nguo ni lami ya makaa ya mawe, hiyo simama, inaunguza ngozi hasa ikipigwa jua.

Bluu kali kama rangi ya ukutani: inakutwa palipokuwa na kiwanda cha gesi ya makaa, ni mchanganyiko wa chuma na sayanaidi. Simama, na usimwagie tindikali yoyote wala usiwashe moto karibu.

Kijani: shaba, au dawa ya kuhifadhia mbao na nguzo ambayo ina shaba, kromi na aseniki. Kama pale palikuwa yadi ya mbao au nguzo za umeme, watu wavae glavu na vumbi lilowekwe.

Njano ya kupauka kama majani yaliyokauka, madoa madoa kwenye udongo wa kijivu wa kinamasi: hapa huenda hakuna mtu aliyechafua kitu. Ni udongo wenye salfaidi za asili, ukiufunua ukakutana na hewa unatengeneza tindikali, pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi) inaweza kushuka chini ya 4, samaki wa mfereji wanakufa na zege na vyuma vinaliwa. Pima kwa karatasi ya pH siku mliyochimba na upime tena baada ya siku kadhaa, maana siku ya kwanza unaonekana mzima. Tiba ni kuuacha ukiwa umelowa pale ulipo, au kuuchanganya na chokaa kwa kipimo cha maabara, na injinia achague simenti inayovumilia salfeti.

DALILI YA 6: Mapipa, takataka, mifupa, ngozi, kitu cha chuma kisichoeleweka

Taka za nyumbani ndo za kawaida, rudi dalili ya 4 kwa ajili ya gesi. Choo cha shimo cha zamani: buti, glavu, vidonda vifunikwe, chanjo ya pepopunda iwe hai, watu wanawe kabla ya kula.

Mapipa yaliyofungwa usiyaguse hata kama yana kutu. Love Canal kule Niagara Falls, Marekani, ilikuwa hivi hivi: mfereji ulijazwa karibu tani 20,000 za taka za kemikali kuanzia 1942, ukafukiwa, 1953 ardhi ikauzwa kwa dola 1, ikajengwa shule juu yake na nyumba pembeni yake, na mpaka 1978 rais wa nchi anatangaza hali ya dharura kemikali zilikuwa zimeingia kwenye vyumba vya chini vya watu. Waliokuwa wanachimba misingi na mitaro pale walikuwa ni mafundi kama sisi.

Mifupa mingi ya wanyama na manyoya mahali palipokuwa kiwanda cha ngozi au walipozikwa ng'ombe wa ugonjwa, simama kwa ajili ya kimeta, vijidudu vyake vinakaa ardhini miongo mingi. Mifupa inayofanana na ya binadamu, polisi. Kitu kinachofanana na bomu, kila mtu aondoke kwa njia aliyojia, polisi au jeshi, na usitumie redio ya upepo pale karibu.

DALILI YA 7: Majibu ya maabara hayaeleweki, mara safi mara chafu

Karibu kila mara kosa liko kwenye kuchukua sampuli. Sababu ya kwanza: udongo wa mafuta umewekwa kwenye mfuko wa plastiki, ukakaa garini juani, mvuke wote umeondoka, maabara inasoma safi. Tumia chupa ya kioo, jaza mpaka mdomoni pasibaki hewa, funga, weka kwenye boksi lenye barafu karibu nyuzi 4, ipelekwe haraka. Pili: mwiko ule ule kutoka shimo chafu kwenda shimo safi bila kuoshwa, glavu zile zile. Tatu: sampuli imechotwa juu ya rundo ambako jua limeshaukausha, badala ya ndani. Nne: mmechanganya sampuli za sehemu tano kuwa moja ili kupunguza gharama. Kwa madini mtaalamu anaweza kuruhusu, kwa mafuta mepesi hapana, ule mchanganyo wenyewe unafukuza mvuke.

Kila chupa iandikwe sehemu, kina, tarehe, saa, na nani amechukua, na kuwe na karatasi inayosainiwa kila inapobadilisha mikono. Tano, na hii ni kweli tu ya ardhi: uchafu haukai sawasawa. Hatua mbili pembeni hali ni nyingine. Chukueni sampuli zaidi kabla hamjaanza kulaumu maabara.

DALILI YA 8: Mmechimba mkatoa, mkafukia, harufu imerudi

Kwanza angalia kama mlipima kuta za shimo na sakafu yake kabla ya kufukia. Wengi wanachimba mpaka macho yaridhike, wanafukia, na uchafu ulikuwa umeingia ukutani nusu mita zaidi. Pili, udongo wa kujazia mlioletewa ulikuwa na vyeti vya kupimwa? Nimeona udongo mchafu wa saiti moja ukiuzwa saiti nyingine kama kifusi kizuri. Tatu, maji ya ardhini yanauleta, dalili ya 1 sababu ya nne. Nne, uchafu uko chini ya msingi wa jirani, na hapo msifukue zaidi, mtaangusha ukuta wa mtu. Ni kazi ya injinia wa miundo pamoja na mtaalamu wa mazingira kwa pamoja.

DALILI YA 9: Rundo la udongo mchafu linachuruzika au linatoa vumbi

Rundo liliwekwa juu ya ardhi tupu, hiyo ndo sababu nambari moja. Chini panatakiwa plastiki nzito isiyotoboka, pembeni tuta dogo kuzunguka, juu turubai lililofungwa kwa mifuko ya mchanga, mbali na mitaro na mteremko. Turubai lenye matundu au lililopeperuka usiku linahesabika halipo, kwa hiyo kagua kila jioni na kabla ya mvua. Aina tofauti za uchafu ziwe marundo tofauti, na kila rundo lina kibao. Usichanganye mchafu na msafi ili vipimo vishuke, katika nchi nyingi ni kosa la jinai, na uchafu wote bado uko pale pale, umeuongezea ukubwa tu.

Kuhusu tipa, kumbuka udongo ukichimbwa unavimba, kama asilimia 20 hadi 30 kwa udongo wa kawaida, kwa hiyo meta 100 za ujazo ardhini zinaweza kuwa 130 garini. Watu wanaagiza tipa pungufu, afu mwisho wa siku kinabaki kirundo ambacho hakina mahali pa kwenda, na usiku mtu anakimwaga korongoni. Mwili wa gari ufunikwe, matairi yaoshwe kabla hayajagusa barabara na yale maji ya kuoshea yakusanywe. Kila safari iwe na karatasi yenye namba ya gari, aina ya udongo na jina la sehemu inayopokea, na irudi imegongwa muhuri huko ulikopokelewa. Dereva akishindwa kukuonyesha anaenda kumwaga wapi, usimpakilie, hata kama kijiko kinamsubiri na foleni imefika getini.